Nyuzi Tatu

Gerezani, Tabora
11 Februari 2024

Mwalimu Advera,

Shikamoo.

Najua hukutegemea barua kutoka kwangu, na kama umeisoma mpaka hapa nakushukuru. Ni mimi Gerson Lugembe, uliyenifundisha darasa la sita hapo Usoke, na niliyefungwa miaka kumi pamoja na Wilbroad kwa ajili ya kifo cha mdogo wako Elieza.

Mchungaji anayekuja kutuhubiria ametuambia kwamba anayeomba msamaha aeleze kosa lake mwenyewe. Basi naeleza. Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba, mwaka juzi, tulikuwa wakulima kama thelathini mbele ya chumba baridi cha kikundi. Lori la kwenda Tabora lilikuwa limeshafika. Elieza, aliyekuwa msimamizi wake, akafungua mlango, tukaanza kutoa matenga. Nyanya tulizoweka zikiwa kijani kizuri, zimekomaa, zimebakiza kuiva tu, zilitoka na mabaka. Ngozi ilikuwa na vishimo kama ya mtu aliyeugua ndui. Ukibonyeza, maji yanatoka na harufu. Yeye ndiye aliyetushawishi tuache tumbaku tulime nyanya. Wengine walikuwa wamebomoa hata mabani yao, vile vibanda vya kukaushia tumbaku. Sauti zikaanza kwamba ametia dawa, kwamba amenunuliwa. Hasira ikatupanda. Nilimpiga, Wilbroad akampiga, na wengine ambao hawakukamatwa wakampiga. Hakusema kitu. Tulipoacha alikuwa hapumui.

Ilikuwa hasira, Mwalimu, hakuna kingine. Naomba unisamehe.

Mwanafunzi wako,
Gerson


Usoke
3 Machi 2024

Gerson,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kugongwa muhuri wa gereza. Niliiacha mezani siku tatu kabla ya kuisoma.

Unasema Elieza hakusema kitu. Nimelea mtoto huyo tangu mama yetu alipofariki, akiwa na miaka minne. Alikuwa mtu wa kubishana. Alibishana na mchungaji, na afisa kilimo, na kuku akiwafukuza jikoni. Watu thelathini wamemzunguka wakisema ametia dawa, naye akanyamaza?

Mimi ndiye niliyemwosha, na mama mdogo Apolinaria akishika beseni. Mbavu zilikuwa zimevunjika pande zote mbili. Mgongo ulikuwa mweusi. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinaning'inia, nadhani alijikinga kichwa. Hayo nimeyaelewa, ni kazi ya watu wengi. Ambacho sijakielewa ni mdomo. Meno manne ya mbele yalikuwa yamesukumwa ndani, na mdomo wa juu umepasuka mpaka puani. Lile lilikuwa pigo moja, kutoka mbele, la mtu aliyesimama karibu naye. Mwenye hasira ya nyanya hupiga popote. Huyu alichagua mahali.

Ulisema unaeleza kosa lako. Haya, eleza. Nani alimpiga mdomoni, na kwa nini?

Kikundi kimeniomba nishike funguo za chumba baridi, kwa kuwa hakuna mwingine anayethubutu. Nimekubali. Nikitoka shuleni mchana napita pale. Damu ilishaoshwa lakini saruji imebaki na doa karibu na kizingiti.

Advera


Gerezani, Tabora
24 Machi 2024

Mwalimu Advera,

Shikamoo.

Kuhusu mdomo, sikumbuki vizuri. Kulikuwa na vumbi na makelele, kila mtu anasukuma. Nilikuwa na ubao wa tenga mkononi. Huenda ulikuwa ubao wangu. Siwezi kuapa.

Huku kuna mambo ambayo usingependa kuyasikia. Juzi mtu aling'atwa sikio mpaka likatoka kwa sababu ya ndoo ya maji. Wilbroad analala ubavuni mwangu. Ni mtu mzuri, unamjua, hata jogoo alikuwa anampelekea jirani amchinjie. Sasa anaruka usingizini akishika mpini ambao haupo. Asubuhi ananiambia, "Gerson, bora yule kijana alikuwa na hatia. Angekuwa hana, ningejinyonga." Mimi namwambia atulie.

Nisamehe, Mwalimu. Usichimbue zaidi, unajiumiza.

Gerson


Usoke
7 Julai 2024

Gerson,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na kazi, nami nitakueleza kama nilivyokuwa nakueleza ubaoni.

Mwezi wa tano nilichuma nyanya sitini, mbegu moja, shamba moja, zote za kijani na zimekomaa. Nikazigawa mafungu matatu. Ishirini niliziweka kwenye bani la Mzee Mahona, chini ya bati, ambako mchana kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na sita. Ishirini nikazipanga juu ya kabati ofisini kwetu shuleni, nyuzi ishirini na moja. Ishirini nikamwomba muuza nyama anihifadhie kwenye friji lake, nyuzi tatu.

Za kabatini zilianza kupiga rangi siku ya nne, na siku ya kumi zilikuwa nyekundu, walimu wamekula. Za kwenye bani zililainika haraka lakini wekundu haukuja. Zilibaki rangi ya chungwa, zikapasuka. Za kwenye friji nilizitoa baada ya siku sita. Zilikuwa kijani, ngumu, nzuri kuliko zote, ungeapa zimehifadhiwa vizuri. Nikaziweka na wenzao kabatini. Siku ya nne vikatokea vishimo. Siku ya saba mabaka, maji, na ile harufu. Mara ya mwisho niliisikia harufu ile nikiwa nimepiga magoti mbele ya maiti ya Elieza.

Nyanya iliyochumwa bado inapumua, Gerson. Ndani yake kuna kazi inaendelea. Joto likizidi kazi inaharibika, baridi ikizidi inakufa, na ukiirudisha kwenye joto zuri haifufuki. Ndiyo maana Elieza alizishikilia kwenye kumi na tatu, ziive polepole bila kuugua. Hapakuwa na dawa. Mtu alishusha mashine ya baridi.

Na yeye alijua. Polisi wamenirudishia vitu vyake: mkanda, simu iliyopasuka, daftari. Kila siku ameandika kipimo, 13, 13, 13. Tarehe 26 Agosti alikwenda msibani Sikonge. Tarehe 3 Septemba ameandika hivi: "Nimerudi nimekuta 3. Nimepandisha 13. Bundala anaapa hakumfungulia mtu. Mungu asaidie zisiwe zimeugua."

Bundala ni yule mlinzi aliyebaki na ufunguo, aliyekimbilia kwao Lusu siku ya mauaji. Nimempata kwa simu. Sasa anasema alimdanganya Elieza kwa kuogopa kufukuzwa, na kwamba alimfungulia mtu mmoja tu, Jumapili ya tarehe 28, watu wakiwa kanisani. Anasema mtu huyo ni wewe.

Alidanganya mara ya kwanza. Sijui kama anadanganya mara ya pili. Mdogo wangu Tobias anataka kwenda Lusu kumshika. Nimemzuia mpaka nipate neno lako. Uliingia, hukuingia? Niandikie ndiyo au hapana.

Advera


Gerezani, Tabora
21 Julai 2024

Mwalimu Advera,

Shikamoo.

Hapana. Sikuingia.

Jumapili ile nilikuwa ibadani, waulize wanakwaya. Bundala alikuwa na kinyongo na Elieza, kila mtu anajua, kwa sababu alimfokea mbele za watu alipomkuta amelala lindoni. Leo ananisingizia mimi kwa kuwa niko ndani na siwezi kujitetea. Muulizeni vizuri.

Gerson


Usoke
18 Agosti 2024

Gerson,

Barua yako nilimsomea Tobias kwa sauti, nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye "muulizeni vizuri" aliichukua mkononi mwangu, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati. Sikumzuia tena. Nataka ulijue hilo. Ningeweza kumzuia.

Alikwenda Lusu na wenzake wawili. Walimkuta Bundala uani kwa mama yake anapakia pumba kwenye mkokoteni. Walimfunga kwenye gurudumu kwa mnyororo wa ng'ombe, mama yake akitazama. Tobias akamuuliza nani aliingia. Bundala akasema Gerson. Tobias akampiga kwa mpini wa jembe. Akamuuliza tena. Gerson. Akampiga tena. Alikuwa na karatasi mfukoni inayosema hapana, kwa hiyo kila jina lako lilipotajwa lilikuwa uongo wa kuadhibiwa. Walivunja mguu wa kushoto juu ya goti. Jicho moja limeharibika. Walipovunja taya hakuweza tena kutamka, akawa anatikisa kichwa tu wakimtajia majina mengine, hapana, hapana, na wakilitaja la kwako anainamisha, ndiyo.

Majirani walipokuja na mapanga ndipo Tobias akakimbia.

Alirudi hapa siku ya pili mchana. Viatu vilikuwa bado na damu. Aliketi kwenye ngazi, hakutaka kuingia ndani, akaniambia, "Dada, mtu anayedanganya hubadilisha jibu akipigwa. Yule hakubadilisha."

Kisha akalia, na mimi sikumshika bega.

Nakuuliza mara ya pili. Sitauliza ya tatu.

Advera


Gerezani, Tabora
1 Septemba 2024

Mwalimu Advera,

Najua afisa atasoma haya kabla yako. Asome.

Niliingia. Ni mimi.

Nyanya zangu zilikuwa zimeanza kupiga rangi kitakoni, na lori lilikuwa bado wiki mbili. Niliogopa zitaiva zote humo ndani ziharibike. Kabla Elieza hajasafiri nilimwomba aongeze baridi. Akanijibu, "Kaka Gerson, chini ya kumi zitaugua. Niamini." Sikumwamini. Nyuzi kumi na tatu, nikasema moyoni, hiyo ni asubuhi ya mwezi wa sita, ni baridi gani ya kuhifadhia kitu? Nyama haiozi kwenye baridi kali, kwa nini nyanya? Nilimwona kijana anayejifanya msomi mbele ya mtu aliyeshika jembe tangu yeye hajazaliwa.

Jumapili nilitoka kanisani wakati wa matangazo. Nikamwambia Bundala nakwenda kuangalia matenga yangu. Mashine ina vitufe viwili. Nilibonyeza cha chini mpaka ikasoma tatu. Nilikusudia kurudi kuipandisha kabla Elieza hajarudi, nikashikwa na shughuli. Niliposikia amerudi na hasemi kitu nilidhani hakuna lililoharibika.

Jumamosi tenga la kwanza lilipotoka nilielewa palepale. Kabla ya mtu yeyote. Watu waliposema dawa, sikusema mimi, lakini nilifurahi kulisikia neno hilo, Mwalimu. Nililishika kama mtu anayezama.

Nilikuandikia kwamba hakusema kitu. Alisema. Alinyanyua mikono akapaza sauti: "Jamani, hakuna dawa! Kuna mtu ameshusha mashine nikiwa msibani! Muulizeni Bundala nani..." Nilikuwa nimesimama mbele yake, kama mimi na meza hii. Wilbroad na wengine walikuwa nyuma wanapiga kelele, hawakusikia. Nikampiga kwa ubao mdomoni ili asimalize. Alianguka. Nikageuka nikapiga ukelele, "Mchawi huyo anataka kukimbia!" Waliobaki walifuata sauti yangu. Haikuwa hasira. Nilikuwa mtulivu kuliko nilivyokuwa siku nyingi.

Ulipouliza habari za mdomo nilikumbuka vizuri, nikakuandikia habari za vumbi na makelele. Ulipotaka ndiyo au hapana nilikuwa na ndiyo kwenye kalamu. Kisha nikamtazama Wilbroad anashona shati, nikaandika hapana. Siombi msamaha tena. Sijui hata nauombaje.

Gerson


Usoke
6 Oktoba 2024

Gerson,

Nimekwenda Lusu na barua yako.

Bundala amelazwa nje kwenye mkeka, mguu una vyuma, taya limefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Mama yake, Bibi Siwema, hakunikaribisha na hakunifukuza. Niliketi chini, nikasoma yote, tangu "niliingia" mpaka mwisho. Bundala alifumba jicho lililobaki. Alipolifumbua alinyoosha mkono akaomba aishike karatasi. Hajui kusoma. Aliishika muda mrefu.

Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Bibi Siwema akaniambia, "Mwalimu, mwanangu alisema kwa mdomo, hamkumwamini. Mtu aliyeua ndugu yenu akaandika kwenye karatasi, mkamwamini. Leo umeleta karatasi nyingine." Hakuwa na ukali. Aliendelea kukoroga uji.

Nimefundisha watoto miaka thelathini waheshimu kilichoandikwa.

Nilipotoka pale niliteremka Nzega, nikaingia kituo cha polisi, nikaeleza jina la Tobias na mahali alipo. Nikaeleza pia kwamba nilimwacha aende nikijua anachokwenda kufanya, na wameandika. Wamemchukua Usoke mchana, watu wakiwa sokoni. Wenye kikundi wengine hawanisalimii. Wanasema nimewauza ndugu wote wawili, mmoja kaburini na mmoja mahabusu. Wale waliofuata sauti yako siku ile ndio wanaosema zaidi. Chumba baridi bado nakifungua. Mashine inasoma kumi na tatu, na mimi nasimama mbele yake kila mchana mpaka nihakikishe.

Jambo moja limebaki. Wilbroad anastahili kujua. Nimemwandikia. Barua yake nitaiposti Jumatatu ya tarehe 21. Ukitaka aisikie kwako kwanza, una wiki mbili. Najua mnalala ubavu kwa ubavu na najua anachoweza kukufanya. Sikuombei lisitokee.

Advera


Gerezani, Tabora
3 Novemba 2024

Mwalimu Advera,

Shikamoo. Anayeandika ni Ezekia, mfungwa, ila maneno ni ya Gerson. Ameniomba nisibadilishe hata moja.

Nilimwambia Wilbroad Ijumaa ya tarehe 18, kwenye bustani ya mboga ya gereza, tukiwa tunapalilia. Nilingoja aweke jembe chini. Nilikuwa mwoga hata hapo. Nikamwambia kuhusu vitufe, na tatu, na ubao. Nilipomaliza akauliza, "Alisema kuna mtu kashusha mashine?" Nikasema ndiyo. "Mimi sikumsikia." Nikamwambia, "Nilimpiga usimsikie."

Aliinama akamalizia mstari wake wa mchicha mpaka mwisho. Kisha akarudi na jembe, akaniuliza ni mkono upi uliobonyeza. Niliunyoosha mwenyewe juu ya jiwe la mfereji. Alipiga kwa kisigino cha jembe mara nyingi. Nilipoanguka alipiga bega na mbavu. Askari wawili walimtoa. Daktari amekata vidole vitatu.

Maelezo yangu nimeyatoa kwa afisa, nimeweka dole gumba la kushoto. Nimesema pia kuhusu Bundala, kwamba barua yangu ya Julai ndiyo iliyompiga. Sijui sheria itafanya nini na hilo.

Wilbroad amehamishiwa chumba kingine. Jana alimtuma Ezekia kwangu na swali moja. Anataka kujua, Elieza alipokuwa chini, na yeye akafika na mpini, je, alikuwa bado anajaribu kusema kitu?

Ezekia alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati anangoja jibu. Siku ile nilimwona Elieza wazi, midomo yake, Mwalimu. Nilikuwa karibu. Kama ningesema hapana, Wilbroad angelala walau siku moja.

Nimemjibu ndiyo, alikuwa anajaribu.

Gerson Lugembe